Sura ya Sita: Shati la Mboje

Shati lenyewe lilikuwa la kaki, la mikono mirefu, ukosi umeliwa na sabuni ya miaka mingi. Inspekta Nyamizi alilitandaza juu ya meza yake katika kituo cha polisi Bariadi, akalitazama kwa mara ya kwanza kama kitu chenye maana. Siku nne lilikuwa limekaa ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na kandambili na ufunguo wa baiskeli. Vilikuwa vitu vya marehemu, vikisubiri ndugu waje kuvichukua.

Kesi ilikuwa imejipanga yenyewe, na hilo ndilo lililoanza kumkera. Alhamisi, saa nne na dakika kumi hivi asubuhi, fundi Mboje aliingia kwenye handaki la mbegu katika kinu cha pamba kilicho nje kidogo ya Dutwa. Ndani ya handaki hilo kuna skurubu ya chuma, ndefu kupita chumba cha darasa, inayozunguka na kusukuma mbegu kwenda stoo. Mbegu zilikuwa zimenasa, akaenda kuzichokonoa. Fundi mwenzake, mzee Selestini, akapandisha mkono wa swichi. Yaliyofuata hayana haja ya kusimuliwa. Walioyaona hawakugusa nyama wiki ile.

Sababu nayo ilikuwepo. Kinu kilikuwa cha ushirika tangu kijengwe, lakini biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi kikapata mwenyewe. Huu wa mwaka tisini na sita ulikuwa msimu wake wa pili, na alikwisha kutangaza kwamba mafundi wawili ni wengi, atabaki mmoja. Dutwa nzima ilijua. Halafu askari walipofika walimkuta Selestini amekaa chini kando ya swichi, akawaambia, "Mimi ndiye niliyemuua." Akayarudia kituoni mbele ya Nyamizi, Nyamizi akaandika, mzee akaweka dole gumba. Kesho saa mbili asubuhi angepelekwa kwa hakimu ayaseme tena. Akiyasema huko, kunyongwa hakungekuwa mbali.

Ila Nyamizi alikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Jioni ile ya maelezo, mzee alisema pia, mara mbili, "Shati halikuwepo." Hakuyaandika maneno hayo. Alikuwa amechoka, mkuu wake alikuwa analisubiri faili, na mtu aliyemwona mwenzake akisagwa anaweza kusema lolote. Akayaruka, kisha akamsomea mzee karatasi isiyokuwa na shati lolote, na mzee akaitikia kwa kichwa. Yeye huyu huyu ndiye aliyekuwa akiwafundisha makonstebo kwamba maelezo ya mtuhumiwa huandikwa yote, hata akikohoa. Aliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyomfanya aufungue mfuko.

Aliukunjua mkono wa kushoto wa shati taratibu. Ulikuwa na mikunjo mikali iliyozunguka, kama kitambaa kilichofungwa fundo kwa nguvu, na katikati ya mikunjo hiyo kulikuwa na alama nyeusi ya grisi. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooka, hauna hata doa. Kwenye karatasi ya vielelezo koplo wake alikuwa ameandika kwamba shati limekutwa msumari namba saba, karibu na mlango. Nyamizi akajiuliza swali ambalo angepaswa kujiuliza siku nne nyuma. Mtu atakayetundika shati msumarini, ana haja gani ya kulifunga fundo mkononi?

Akaita gari.

Kinu kilikuwa kimefunguliwa tena tangu jana yake, maana pamba haisubiri msiba. Njia nzima Nyamizi alikuwa amemshuku meneja wa kinu. Alhamisi ile walikuja wageni wa mnunuzi kutoka Mwanza, na meneja mwenye wageni ni mtu wa haraka. Haukupita muda shaka hiyo ikafa. Meneja alikuwa na wageni wake kwenye mizani tangu saa tatu na nusu hadi zilipopigwa kelele. Aliyelithibitisha hilo ni karani wa mizani, mtu asiyempenda meneja hata kidogo na aliyesikitika waziwazi kumtetea. Nyamizi akamfuta meneja kwa shingo upande.

Akaenda kwenye swichi. Mkono wake ulikuwa wa chuma, unafika kiunoni, umepakwa grisi nyeusi shingoni. Alitoa leso yake, akaifunga pale, akaikaza, akaifungua. Ilibaki na mikunjo ile ile na alama ile ile. Basi shati la Mboje lilikuwa limefungwa hapa, na si zamani. Kutoka hapo hadi msumari namba saba alihesabu hatua ishirini na mbili.

Misumari yenyewe ilikuwa ishirini na nne, imepigiliwa kwenye ubao mpya uliopakwa rangi ya bluu, kila mmoja na namba yake. Juu ya ubao kulikuwa na tangazo lenye kichwa KILA KITU MAHALI PAKE. Sheria ya tatu ilisema nguo zitundikwe kwa kitanzi kilichoshonwa ndani ya ukosi. Ya nne ilikataza nguo yoyote kuwekwa kwenye mtambo. Makoti na mashati ya wafanyakazi yalikuwa yamening'inizwa ovyo, hili kwa kwapa, lile kwa mfuko, jingine limetupwa tu likajishikia lenyewe. Sheria ya tatu haikuwa na mfuasi hata mmoja.

Mfagizi wa kinu aliitwa Generoza, mama mfupi wa miaka hamsini hivi, aliyefagia pale kwa miaka kumi na mmoja chini ya mabwana wawili. Nyamizi alimfikiria yeye pia: mfagizi huokota vitu na kuviweka mahali pake. Akamwomba aguse msumari namba saba. Generoza aliunyosha mkono, akasimama kwa vidole vya miguu, na bado pakabaki shibiri nzima. Nyamizi akamwomba radhi kwa kumsumbua, akamkaribisha wakae juu ya robota la pamba.

Akamuuliza shati hufungwa kwenye swichi kwa ajili gani. Generoza akatazama upande wa ofisi ya meneja.

"Afande, hilo tumekatazwa."

"Kulifunga?"

"Hata kulitaja. Alisema atakayelifunga tena ndiye wa kwanza kupunguzwa."

Nyamizi alimwambia kwamba kesho mzee Selestini anapelekwa kwa hakimu. Akamwacha mama wa watu apime mwenyewe. Generoza aliulaza ufagio mapajani, akaanza kusimulia kwa sauti ndogo. Handaki lile ni jembamba na lina joto, hakuna anayeingia na shati. Tangu enzi za ushirika, fundi anayeshuka huvua shati lake na kulifunga kwenye mkono wa swichi. Likiwa pale, hakuna wa kuigusa, awe fundi, awe meneja, awe waziri amekuja kutembea. Analifungua mwenye nalo peke yake, akishatoka. Wala hawezi kulisahau, kwa sababu nani atarudi kwake kifua wazi?

"Na Selestini angeliona," Nyamizi akauliza, "asingewasha?"

"Hata angekuwa anamchukia namna gani. Shati ni mtu."

Mzee alikuwa amempa utetezi wake wote kwa maneno mawili, na yeye akayatupa.

Alimuuliza Generoza alilionaje shati lile kwenye msumari. Mama akakumbuka vizuri, kwa sababu alistaajabu. Mboje hakuwahi kuutumia msumari wake hata siku moja; aliwaambia watu kwamba yeye si koti. Tena lilikuwa limetundikwa kwa kitanzi cha ukosi, limenyooshwa, kifungo cha juu kimefungwa, utadhani linauzwa. Pale kinuni alikuwepo mtu mmoja tu wa kutundika nguo vile.

"Nani?"

"Yule kijana wa chuo. Sisi tunamwita Mwalimu wa Misumari."

Deogratias alikuwa amepewa chumba kidogo nyuma ya stoo ya vipuri. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Shishiyu, mwaka wa tatu wa uhandisi chuo kikuu, upande wa matengenezo ya mitambo na uboreshaji wa uzalishaji. Alikuja kinuni kwa miezi miwili ya mafunzo kwa vitendo. Meza yake ilikuwa na saa ya kupimia sekunde, rula, na karatasi za grafu zilizochorwa kwa penseli kali. Alisimama Nyamizi alipoingia, akamwamkia kwa adabu, akampa kiti chake. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala.

Nyamizi hakuanza na shati. Alimwomba amweleze kazi yake, na kijana akaeleza, mwanzoni kwa kigugumizi, halafu kwa raha, kwa sababu kazi aliipenda. Alipima kila mara mtambo uliposimama, ni kwa dakika ngapi na kwa nini. Aligundua kwamba mafundi wanapoteza robo ya siku wakitafuta spana. Akaandika mapungufu kumi na tisa pamoja na dawa yake, na mwenye kinu akafurahi.

"Pungufu la kumi na moja linasemaje?" Nyamizi alikwisha kuisoma ripoti ofisini kwa meneja.

"Nguo kutundikwa kwenye mitambo."

"La kumi na mbili?"

"Swichi hazina kufuli. Nilipendekeza kila fundi awe na kufuli lake. Anafunga swichi, anashuka na ufunguo mfukoni. Ndivyo tunavyofundishwa."

"Kufuli ziko wapi?"

"Walisema msimu ujao. Misumari ilikuwepo stoo, ndiyo maana ilianza."

"Kwa hiyo mliiondoa kinga ya zamani kabla mpya haijafika."

"Sikujua kwamba ni kinga, afande. Niliona nguo."

"Ulimuuliza nani?"

Kijana alitazama grafu zake. Kuuliza si ujinga, kila mtoto anaimbishwa hivyo shuleni, lakini huyu alikuwa amefika mbali mno kimasomo kiasi cha kumuuliza mzee mwenye grisi kucha zote kwa nini anafunga shati. Msukuma mwenzao, mtoto wa huko huko, angeuliza kwa Kisukuma na angejibiwa kwa neno moja.

"Sikuuliza," akasema.

Nyamizi akamuuliza Alhamisi saa nne alikuwa wapi. Akajibu alikuwa humu chumbani anachora. Alikaribia swichi? Hapana. Jibu lilitoka upesi kupita kiasi. Nyamizi akalichukua daftari lililokuwa mezani, akalifunua. Kurasa zilikuwa zimepigwa namba kwa wino, na ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Ijumaa.

"Uko hapa wiki ya tano. La kwanza limejaa?"

"Ndiyo."

"Liko wapi?"

Nje mashine zilikuwa zinavuma, na vumbi la pamba lilikuwa limetanda kwenye wavu wa dirisha. Deogratias alikuwa na kila nafasi ya kusema limepotea, na Nyamizi asingekuwa na la kufanya. Hakuna aliyemwona, na kitanzi cha ukosi si ushahidi wa kumfunga mtu. Badala yake aliinama, akavuta begi chini ya meza, akatoa daftari jingine, akalishika kwa mikono miwili.

"Nimejaribu kuuchana ukurasa," akasema. "Nimeshindwa. Kwetu wahandisi daftari la mtambo halichanwi. Ukikosea unakata mstari mmoja, ulichokosea kinaendelea kusomeka."

Nyamizi akafungua Alhamisi. Mwandiko ulikuwa mzuri, mdogo. *Saa 4:09 skurubu ya mbegu imesimama, imenasa. Saa 4:14 nguo kwenye swichi. Imeondolewa, imewekwa Na. 7. Saa 4:16 imewashwa.* Baada ya hapo hakukuwa na kitu, ukurasa mzima mweupe.

"Wageni walikuwa wanakuja upande huu," kijana akasema. "Nilitaka wakute pako safi. Selestini alikuwa amekwenda kuchukua mafuta. Nilidhani Mboje naye ameondoka."

"Shati lilikuwaje ulipolishika?"

"La kaki."

"Deogratias. Lilikuwaje mkononi mwako?"

Kijana akakaa chini, ingawa hapakuwa na kiti, akakaa juu ya begi lake.

"Lilikuwa na jasho," akasema. "Lilikuwa bado lina joto."

Alilia bila sauti, na Nyamizi hakumkatiza. Alipotulia akaeleza mengine bila kuulizwa. Aliposikia kelele alijua papo hapo. Kisha akamsikia Selestini akisema yeye ndiye muuaji, na akaikamata kauli ile kwa mikono yote. Akajiambia huenda kweli mzee alikusudia, huenda angewasha hata shati likiwepo. Siku nne amekuwa akijiambia hivyo, na kila akijilaza kiganja kinahisi lile joto.

Nyamizi alitaka kumkasirikia na hakuweza. Yeye naye alikuwa ameikamata kauli ile ile, tena kwa cheo chake na kwa kalamu ya serikali. Akamwambia apande gari.

Walifika Bariadi jua likiwa bado kali. Nyamizi alijua taratibu hazimruhusu kumkutanisha shahidi na mtuhumiwa, lakini alimfahamu mzee. Maelezo mapya yasingefaa kitu ikiwa kesho Selestini angesimama mbele ya hakimu na kuyasema ya kwanza. Akafungua mahabusu mwenyewe. Selestini alikuwa peke yake, amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Mwadila, mayu," mzee akamsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

Nyamizi akamwitikia kwa adabu ya binti kwa baba, kisha akamwambia kwamba imejulikana shati liliondolewa na nani, na kwamba yeye hana kosa la kuua. Mzee hakuonyesha furaha. Alimtazama kijana aliyesimama mlangoni, na Deogratias akamwambia yote, mpaka lile joto la kiganjani. Sauti yake ilikatika mara mbili.

Selestini akamuuliza kama baba amuulizavyo mwanawe:

"Unasoma mwaka wa ngapi, ng'wanawane?"

"Wa tatu, baba."

"Umebakiza?"

"Mmoja."

"Basi rudi chuoni unyamaze," mzee akasema polepole. "Sisi likikosekana shati tunamtafuta mwenyewe, tumwone amelivaa, ndiyo tunawasha. Mimi siku hiyo meneja alinipigia kelele kutoka kwenye mizani kwamba wageni wamefika, nikatazama swichi, sikumtafuta mtu. Kwa hiyo nimemuua. Nimeshamwambia huyu mayu, ameshaandika. Huku kwetu tumepata wangapi kama wewe wanaosoma mashine? Mimi nina miaka sitini na moja. Acheni hivyo hivyo."

Nyamizi akahisi mabega yake yakilegea. Ilikuwa ahueni, hakukuwa na jina jingine. Faili lingebaki lilivyo, mkuu asingeuliza kitu, na maneno aliyoyaruka yangezikwa pamoja na mzee aliyeyasema. Akageuka, akaona ahueni ile ile ikipita usoni mwa Deogratias, na kijana akajua ameonwa. Walitazamana hivyo kwa pumzi moja au mbili. Katika miaka kumi na saba ya upolisi Nyamizi hakuwahi kujichukia kama alivyojichukia hapo.

"Hapana, baba," Deogratias akasema. "Afande, niandike."

Akamwandika. Kurasa tatu, kila neno, hata palipokuwa na kikohozi. Alipomaliza akachukua karatasi nyingine, akaandika ya kwake mwenyewe, alichosikia na alichokiacha, akaweka sahihi, akavipeleka vyote kwa mkuu wake kwa mikono yake. Mkuu alisoma amesimama. Alimtazama Nyamizi kwa macho ambayo yeye alijua yatamfuata mpaka siku ya kustaafu, kama siku hiyo ingefika. Halafu akatoa amri: mzee aachiwe, kijana abaki ndani kwa kosa la kuua bila kukusudia, na Inspekta akabidhi faili kwa mwingine kesho asubuhi.

Nyamizi akarudi mahabusu, akafungua mlango ukawa wazi kabisa.

"Mzee wangu, uko huru. Gari litakufikisha kwako."

Selestini hakunyanyuka. "Nyumba ya Mboje iko kabla ya kwangu," akasema. "Mke wake hukaa nje jioni. Niambie, mayu, nitapita pale nikimsalimu namna gani?"

Deogratias alikuwa nyuma ya Nyamizi, koplo amekwisha kumvua mkanda na saa. Kijana akavua viatu bila kuamriwa, akavipanga sambamba kando ya ukuta, akaingia. Alikaa sakafuni karibu na mzee, wasigusane. Baada ya muda mzee akasogea kidogo, akampa sehemu ya mkeka.

Amri ilisema mmoja atoke na mmoja afungiwe. Wote wawili walikuwa ndani, hakuna aliyetazama mlango, na Nyamizi akabaki amesimama na funguo mkononi, peke yake upande wa nje.